Mbao za Uzio wa Bondeni

Bashford, Illinois
12 Mei 1879

Kaka Jotham,

Natumaini huko Oregon u mzima na kwamba mgongo umepata nafuu. Mimi sijambo, ila nina kichefuchefu cha siku tatu ambacho hakikutokana na chakula.

Jumamosi alikuja Lyman Bashford, mtoto wa Mzee Hiram, kofia mkononi, nywele kazipaka mafuta mpaka nzi wanateleza. Akakaa kibarazani kwangu akasema kwamba kamati ya Sikukuu ya Wakaazi wa Kwanza imekutana, na imeamua mwaka huu, juu ya chakula na hotuba, isomwe pia historia ya mwanzo wa kijiji chetu. Na wa kuiandika ni mimi.

"Mama Crane," akasema, "nusu ya kijiji hiki umewafundisha wewe kushika kalamu. Halafu una kumbukumbu."

"Kumbukumbu ninayo," nikamwambia. "Ndiyo inayoninyima usingizi."

Akacheka. Hakuelewa, lakini alicheka. Hawa ndivyo walivyo, wanacheka kwanza ili wasionekane wajinga.

Nilikubali haraka kuliko alivyotegemea. Ndipo akanitolea mengine mawili. La kwanza, wanamtengenezea baba yake kiti cha heshima, kwa mbao za mwaloni zilizotoka kwenye uzio wa kwanza kabisa uliojengwa hapa. Wamezikuta bado nzima. La pili, uwanja wa sikukuu utapanuliwa upande wa kaskazini, maana yake jembe litapita juu ya makaburi ya akina Voss.

"Yale hayana hata majina," alisema.

"Hayana majina kwa sababu hamkuyaandika."

Akaanza kuikagua kofia yake kana kwamba ameiona leo.

Trina Voss unamkumbuka, yule mtoto pekee aliyebaki. Sasa ana miaka hamsini na anafua nguo za kijiji kizima. Siku ya sikukuu kila mwanamke huleta chakula mezani, na Trina huleta pai ya tufaha. Kila mwaka hurudi nayo nyumbani nzima, haijaguswa hata ukingo. Tangu mwaka wa thelathini na nane kijiji hiki kilishakata shauri kwamba akina Voss walikufa kwa uchafu wao. Watu watano ndani ya wiki mbili, na maelezo yakawa ni hayo, Wajerumani wachafu. Wanampelekea mashuka yenye matapishi na kinyesi cha wagonjwa wao, anayasugua kwa mikono yake, wanayalalia. Lakini pai iliyopita kwenye mikono ile ile inawatia kinyaa.

Mimi na wewe tunajua walikufa kwa maziwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mimi ndiye niliyewapelekea maji ya kunywa mlipokuwa mkijenga ule uzio kuzunguka bonde la msituni. Ng'ombe wetu wawili walikuwa wamekula majani ya huko wakaanza kutetemeka hadi wakaanguka, na ndama aliyenyonya akafa, na mama akatukataza maziwa na siagi mwaka mzima. Familia sita mlifanya kazi siku nne ili ng'ombe yeyote asiingie bondeni tena. Masika iliyofuata wakaja akina Voss na ng'ombe wao watatu, na huo uzio haukuwepo.

Nani aliuondoa? Ulikuwa na miaka kumi na tisa na ulikuwa ukimfanyia kazi Mzee Bashford. Lazima uliona. Niandikie ulichokiona, utie sahihi, nami nitakisoma mbele ya watu wote tarehe ishirini na nane Agosti, Trina akiwa hai na akisikia kwa masikio yake. Hilo tu ndilo ninalolitaka.

Dada yako,
Lavina


Bonde la Willamette, Oregon
3 Juni 1879

Mdogo wangu mpendwa Lavina,

Barua yako imenikuta salama, kwa neema ya Mungu. Mgongo unaendelea vizuri. Mitufaha imechanua mwaka huu kama sijapata kuona, na kanisani wamenichagua tena kuwa shemasi, ingawa niliwaambia watafute kijana.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Naona uchungu umekujaa, nami naelewa, maana tangu Crane afariki unakaa peke yako na mawazo. Lakini huo uzio unaousema mimi siukumbuki. Tulijenga nyua nyingi siku zile, Lavina, nilipasua mbao mpaka viganja vikawa kwato. Wewe ulikuwa mtoto. Huenda unachanganya na zile hadithi za Kentucky ambazo mama alikuwa akizisimulia jikoni.

Na ugonjwa wa maziwa, kama nakumbuka sawasawa, haukuwa kwetu. Ulikuwa ng'ambo ya mto, wilaya ya pili.

Mzee Bashford ana miaka themanini na moja. Ana siku ngapi zaidi? Mwache akalie kiti chake. Andika habari za shule ya kwanza, za kisima, za ile baridi iliyogandisha kuku juu ya miti. Watu watafurahi. Makaburi zungumza na Lyman kwa upole, atayazungushia jembe.

Kwa meli na reli nimetuma kisanduku cha matufaha makavu. Nusu yako, nusu mpelekee Trina. Usiseme yametoka kwangu.

Nakuombea kila siku.

Kaka yako,
Jotham Pell


Bashford
23 Juni 1879

Kaka Jotham,

Ng'ambo ya mto, wilaya ya pili. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu jikoni mpaka paka akakimbia. Nilikwenda ng'ambo ya mto mwaka wa sitini na saba, kwenye mazishi ya shangazi yake Crane, nikauliza. Unajua walinijibu nini? Ugonjwa wa maziwa haukuwa kwao, ulikuwa huku kwetu. Nchi nzima hii watu walizikwa kwa ugonjwa uliokuwa kwa jirani.

Na kumbukumbu yangu usiichezee. Nakumbuka ulikuwa umevaa kofia ya baba, na nakumbuka ulininyunyizia maji yaliyobaki kwenye kata. Uzio ulikuwepo.

Juzi nilikwenda kwa Mzee Bashford mwenyewe. Wamemweka chumba cha mbele dirishani, ili kila apitaye amwone. Ndevu zina kiini cha yai la asubuhi, na chini yake michirizi ya tumbaku hadi kwenye vifungo. Kopo la kutemea liko miguuni, lakini halengi tena, na mkwewe ameacha kupangusa. Watoto wa shule huletwa hapo mmoja mmoja kumshika mkono. Na mimi aliushika wangu, akakataa kuuachia, kiganja chake kimelowa.

"Mtoto wa Pell," akasema. "Unaandika historia."

"Ndiyo. Nani aliondoa uzio wa bondeni?"

"Uzio gani?"

"Uliozuia ng'ombe."

Akatafuna. "Wajerumani wale walikuwa wachafu, binti yangu. Nguruwe mlangoni. Unasikia? Mlangoni kabisa." Akatema, akakosa.

Nikaenda moja kwa moja hadi kwa Trina, nikiwa nimebeba matufaha yako. Alikuwa kwenye pipa, mikono myekundu hadi viwikoni. Nikamwambia ninachotaka kuandika. Hakuacha kufua.

"Walisema mama hanawi mikono," alisema. "Mama alikuwa anasugua meza kwa mchanga. Alinichapa kwa kuweka kiatu kwenye benchi."

"Na maziwa?"

"Mimi siyawezi. Tangu mdogo, nikiyanusa natapika. Nilichapwa kwa hilo pia. Baba alisema tumevuka bahari nzima kupata ng'ombe watatu, na huyu mtoto anakataa maziwa." Akakamua shuka. "Basi ndiyo maana nipo."

Akanieleza jinsi kiu ilivyowashika, na jinsi pumzi zao zilivyonuka mpaka akalala nje, na jinsi watu wa hapa walivyosimama barabarani wakitazama, vitambaa puani. Mama yetu ndiye pekee aliyesogea. Aliacha mikate juu ya kisiki, akarudi.

"Ninyi mlijua ni nini?" akaniuliza.

Nikasema wakubwa walijua. Mtu yeyote aliyetoka Kentucky, ambako ugonjwa huu uliua wengi, akiona msitu umezungushiwa uzio na ndani hakuna mahindi wala mifugo, anajua. Anageuza gari lake anakwenda kwingine.

"Sisi hatukutoka Kentucky," akasema Trina. "Hata uzio tungeuona, tungedhani kuna mtu mkarimu amekusudia kulinda miti."

Nikamkabidhi matufaha. Akauliza ya nani, nikasema ya kaka yangu. Nisamehe, uongo sina ufundi nao kama wako.

"Na kaka yako ni nani kwangu?" akasema. Lakini aliyachukua. Kisha, nikiwa naondoka: "Bi Lavina, umeniletea nguo miaka thelathini. Leo ndiyo mara ya kwanza umevuka kizingiti."

Nimeanza kuandika na Lyman ameomba aone rasimu. Wewe niandikie kweli.

Lavina


Ofisi ya Kamati, Bashford
8 Julai 1879

Kwa Mheshimiwa Bi Lavina Crane,

Salamu nyingi na heshima. Kamati imesoma rasimu yako na kuvutiwa mno na mwandiko. Sehemu ya kuku waliogandishwa na baridi ilisomwa mara mbili kwa kicheko.

Tuna maombi machache tu. Maneno "ugonjwa wa maziwa" tunaomba yaondolewe popote yalipo. Kama wazee wote wanavyojua, ugonjwa huo haukuwahi kufika hapa, ulikuwa ng'ambo ya mto. Tena unafahamu kwamba masika ijayo tunafungua kiwanda cha siagi, na jina la Bashford litapigwa chapa kwenye kila pipa. Huu si wakati wa kuongelea maziwa yetu vibaya.

Tungependa pia historia ionyeshe ukarimu wa waanzilishi. Kwa mfano, baba yangu anakumbuka kwa furaha jinsi alivyoikaribisha familia ya kwanza ya Kijerumani kwa zawadi ya mbao safi za mwaloni za kujengea zizi la nguruwe, na kaka yako Jotham ndiye aliyezing'oa bondeni na kuzisomba kwa gari letu, safari tatu kwa siku moja, bila kupumzika. Ni mbao hizo hizo tulizozikuta chini ya ghala la zamani la Voss, ambazo sasa zimekuwa kiti cha baba. Sentensi moja nzuri juu ya hilo ingependeza, na ingekuwa heshima kwa familia yako pia.

Kuhusu makaburi, jembe litapita tarehe kumi na tano Septemba, baada ya sikukuu, ili wageni wasiudhike.

Wako mtiifu,
Lyman H. Bashford, Mwenyekiti


Bashford
9 Julai 1879

Jotham,

Nimekunakilia hapa chini aya ya tatu ya barua ya Lyman, neno kwa neno. Hakuiandika kwa ubaya. Anadhani ni sifa.

Safari tatu kwa siku moja, bila kupumzika.

Sina swali. Ulilokuwa nalo moyoni wakati unaniandikia kwamba nachanganya mambo, wakati unaniombea kila siku, liandike.

Lavina


Bonde la Willamette
28 Julai 1879

Lavina,

Sijaenda kanisani Jumapili mbili. Nimewaambia ni mgongo.

Haya, nitasema. Mwezi wa pili mwaka ule alikuja mtu na gari na familia kutoka Kentucky kutaka ardhi. Mzee Bashford alimtembeza siku nzima, akamlisha. Jioni mtu yule akaona uzio wa bondeni. Alfajiri alikuwa ameshaondoka. Bashford aliniita ghalani akaniambia, "Ule uzio unatuua, Jotham. Kijiji cha nyumba sita si kijiji, ni kambi. Ubaya wa bondeni umeshaisha, majira ya barafu yameshapita juu yake." Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema, "Unataka kiwanja au hutaki?"

Nilikitaka. Kile cha mkabala na kisima. Ndicho alichoniahidi, akanipa hati, na ndicho nilichojenga juu yake nyumba ambayo nilikuachia nilipohamia huku. Unakaa humo, Lavina. Samahani, lakini umetaka kweli.

Akina Voss walipofika, mbao zilikuwa zimelala chini msituni. Bashford akasema, wape hao, tuone nani atatulaumu. Nikazisomba. Voss alikuwa mtu mkubwa, hajui lugha yetu. Kila mzigo nilioshusha alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mara ya tatu alimwita mkewe aje anishukuru naye. Mke akanipa kikombe cha maziwa. Nilisema sina kiu.

Hapo ndipo ninapofika kila ninapotaka kujiambia kwamba nilimwamini Bashford. Nilisema sina kiu, na nilikuwa nimepasuka midomo kwa kiu.

Voss mwenyewe alilijenga zizi la nguruwe, karibu na mlango kwa sababu hapo ndipo nilipozishusha mbao. Ndiyo ule uchafu wao. Ng'ombe wake walikuwa wakienda bondeni kila siku tangu wiki waliyofika. Niliwaona. Mama aliona uzio haupo, akaniuliza mara moja tu, nami nikamwambia ni amri ya Bashford. Aliniangalia, akaendelea kukanda unga. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa, na wala hakupata kunigusa tena, kama unakumbuka, hata kunirekebisha kola.

Walipokufa, Bashford alisema ni uchafu, na mimi nilikuwa wa kwanza kukubali kwa kichwa.

Umeyapata. Sasa nakuomba kama kaka. Nina wajukuu saba hapa wanaonijua kama mtu mwema. Andika kuhusu Bashford upendavyo, sema uliambiwa na mtu. Jina langu usiliweke. Barua hii ukishaisoma itie jikoni motoni.

Jotham


Bashford
30 Agosti 1879

Jotham,

Sikuichoma. Niliisoma.

Nianze mwanzo. Watu walikuwa kama mia tatu. Wamemwosha Mzee Bashford, wamemchana ndevu, wamemketisha jukwaani kwenye kile kiti. Miguu minne minene ya mwaloni na ubao mpana mgongoni, umepakwa nta, na juu yake wamechonga jina lake. Bendi ilipiga. Mchungaji aliomba. Nikapanda na karatasi zangu, na Lyman akanitabasamia, maana nilikuwa nimempa rasimu mpya iliyosafishwa ya kusoma kabla.

Ile mpya ilibaki mfukoni. Nilisoma kuku, ili wanyamaze na wasikilize. Halafu nikasoma uzio, nikasoma aya ya Lyman kuhusu mbao za zawadi, nikasoma kila neno lako, kikombe cha maziwa na yote, na sahihi. Nikasema kiwanja ni kipi na anayekaa humo ni nani. Nikayataja majina matano, niliyoyapata kwa Trina: Heinrich, Dorothea, Wilhelm, Otto, na Liese wa miezi minane. Kisha nikasema kwamba mimi Lavina Crane, niliyejua tangu utotoni kwamba ni maziwa, nimekaa kwenye meza ile kila mwaka na sijawahi kukata pai ya Trina Voss. Hilo wewe hulijui. Hilo sikukuandikia katika barua zangu zote za kukuhukumu. Nilijua mikono yake ni misafi kuliko yangu, na bado nikiiona ile sahani koo langu linajifunga. Uongo wao uliniingia tumboni, na tumbo halisikii maelezo.

Nilipomaliza, Mzee Bashford alikuwa ameweka kiganja sikioni.

"Amesema nini?"

"Amesema kuhusu maziwa, baba," Lyman akamwambia.

"Ng'ambo ya mto," mzee akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Ilikuwa ng'ambo ya mto."

Na watu, Jotham, watu kadhaa waliitikia kwa kichwa. Niliwaona. Watu wazima, niliowafundisha kusoma.

Nilidhani hapo ndipo nimefika mwisho wa kuchukizwa, kumbe bado. Wakati wa kula ulipofika, wanawake wa kamati walinong'onezana, kisha wakaenda wote kwa pamoja kwenye pai ya Trina. Mkewe Lyman mbele, kisu mkononi. "Lo, inanukia vizuri namna gani, Katharina," akasema, akimwita Trina kwa jina lake kamili. Wengine wanasukumana nyuma yake na sahani, kila mmoja anataka aonekane. Robo saa tu, na tayari walishakuwa watu ambao siku zote waliipenda pai ile. Nilimeza mate mara tatu nisitapike mbele ya bendi.

Trina aliivuta sahani akaifunika kwa kitambaa.

"Hii ina mwenyewe," alisema.

Akaipachika ubavuni, akapanda jukwaani kwa viatu vyake vya kufulia. Akasimama mbele ya Mzee Bashford. Hakumwambia yeye, alimwambia Lyman.

"Hizi mbao alipewa baba yangu. Nimesikia imesomwa. Uliandika mwenyewe kwenye barua kwamba ni zawadi."

"Ndiyo, lakini, Katharina..."

"Basi ni zangu. Mwinueni."

Lyman alitazama kushoto na kulia. Alikuwa akitafuta mtu wa kucheka naye, hakumpata. Mzee alikuwa akiuliza nini, nini. Sijui ni nani aliyeanza, nadhani ni mhunzi, lakini wanaume wawili walimshika makwapani wakamnyanyua, na ndevu zake zikabaki zikitikisika, na Trina akachukua kiti. Ni kizito. Alikishusha ngazi kwa ngazi, akakiweka kwenye mkokoteni wake wa nguo, pai juu yake, akaondoka. Bendi haikujua ipige nini.

Nilimfuata hadi upande wa kaskazini. Alipokifikisha makaburini aliomba shoka kwa jirani, akakivunja. Miguu minne na ule ubao wa mgongo. Akaniambia, "Una mwandiko mzuri. Andika." Nilikuwa na penseli tu. Niliandika majina matano kwa penseli, naye akayafuata kwa kisu, herufi baada ya herufi, Liese kwenye mguu uliovunjika mfupi, na baba kwenye ubao mpana upande wa nyuma, kwa sababu upande wa mbele una jina la Bashford. Ule upande ameugeuzia kwenye udongo. Lyman alikuja mara moja, akasimama mbali, akaangalia zile mbao zilizochomekwa, akaondoka. Sijui jembe litafanya nini tarehe kumi na tano. Trina anasema atakuwa amekaa hapo, na mimi nitakuwa naye.

Jua lilipokuwa bado juu alifunua sahani. Akakata kipande, kikubwa, akakiweka kwenye kiganja changu bila uma.

"Kula."

Nilimwambia naogopa tumbo litakirudisha.

"Kitarudi, utakula kingine. Ninayo nzima."

Nilikula. Koo lilikataa mara mbili, machozi yakanitoka kwa kulazimisha, naye hakunihurumia, alikuwa akitazama mdomo wangu tu mpaka nikameza cha mwisho. Ilikuwa tamu, Jotham. Ilikuwa na mdalasini, na yale matufaha yako makavu. Miaka yote ile ilikuwa tamu.

Nimehama kwenye nyumba. Niko chumba cha nyuma kwa mwalimu mpya, na hati nimempelekea Trina. Amesema ataifikiria, kwa sababu kisima kiko karibu na kufulia kutakuwa rahisi. Hakusema asante, na angeanza hapo ningemshangaa.

Ameuliza jambo moja juu yako, kama mgongo wako unaiweza safari ya meli na treni. Usimtumie tena matufaha kwenye kisanduku. Mletee kwa mkono wako. Atakupa kikombe cha kitu chochote atakachochagua yeye, na safari hii utakunywa.

Dada yako,
Lavina Crane